Idhini ya Bwana Mirumbe

Vigingi vinne vyenye vichwa vyekundu vilipigwa Jumatatu asubuhi katika shamba la Ryoba, na kabla ya saa sita Bhoke alikuwa amekwisha kupima kwa miguu yake kutoka kigingi cha karibu hadi mlangoni kwake. Hatua thelathini na sita. Alirudia, safari hii akiinyoosha miguu kama mtu anayevuka mtaro, akapata thelathini na tatu. Vyovyote alivyohesabu, arobaini na tano haikufika.

Arobaini na tano ndiyo idadi aliyoisoma kwenye tangazo la kaunti lililobandikwa ukutani kwa duka la mbegu pale Kegonga. Mnara wa simu, urefu wa mita arobaini na tano, katika shamba la Ryoba Gesabo. Wenye pingamizi wafike kwa chifu Alhamisi saa nne, mbele ya afisa wa mipango kutoka Migori. Chini kabisa, kwa herufi za kutafutwa, palikuwa na kanuni yenyewe: mnara usisimamishwe karibu na nyumba ya kuishi kuliko urefu wa mnara huo, isipokuwa mwenye nyumba awe ametoa idhini kwa maandishi.

Alipokwisha kupima, Bhoke alirudi dukani akaisoma kanuni ile mara tatu, na kila alipoisoma moyo wake ulizidi kutulia. Nyumbani kwao hakuna aliyeombwa idhini. Angejua. Watu wazima bomani ni wawili tu, yeye na Mama Mirumbe, na kwa watu wawili wanaokula chungu kimoja siri haina pa kujificha. Ndivyo alivyoamini Jumatatu ile, saa nane mchana.

"Hiyo busta ya simu haitajengwa hapo," alimwambia mwenye duka, mzee Obare. "Sheria imekataa. Sisi hatujakubali."

Obare alimtazama juu ya miwani. "Na si mlikubali? Mimi nilisikia majirani wote wameshaweka sahihi."

"Ulisikia kwa nani?"

"Ah, mama, mimi nauza mbegu tu," alisema Obare, akaanza kupanga pakiti za mahindi ambazo zilikuwa zimepangika vizuri kabisa.

Bhoke hakurudi nyumbani. Alipita kwa chifu, ambako msichana mmoja wa kampuni inayojenga mnara alikuwa amewekewa meza ya plastiki kwenye baraza la ofisi. Aliitwa Emmaculate. Alikuwa ametoka Homa Bay na alionekana amechoka na vumbi, na maswali pia. Kila mtu aliyefika pale alitaka kujua mambo mawili: kama mnara unaleta saratani, na kama kuna kazi ya ulinzi.

"Mimi natoka boma linalopakana na Ryoba," Bhoke alisema. "Nimekuja kusema hatujaulizwa."

Emmaculate alifungua faili, akapitisha kidole kwenye orodha. "Boma namba saba. Hapana, hii iko sawa. Imekubaliwa."

"Imekubaliwa na nani?"

"Na mzee wako. Bwana Mirumbe Chacha."

Bhoke alitaka kucheka, lakini kicheko kilikataa kutoka. Aliomba kuiona karatasi. Emmaculate akaigeuza upande wake bila kuiachilia, kama watu wa ofisi wafanyavyo wakikuhofia. Mkuu wa boma: Bw. Mirumbe Chacha. Jinsia: mwanamume. Mke: Bhoke. Watoto: wawili. Anakubali. Na pale pa sahihi palikuwa na alama ya dole gumba, ya wino wa bluu, imekolea vizuri, wala haikuwa na mkwaruzo.

"Huyo mzee ulimwona kwa macho yako?"

"Dada, nimepita maboma kumi na tisa. Siwezi kukumbuka kila mtu." Emmaculate alishusha sauti. "Zingine zililetwa na Ryoba mwenyewe. Alisema majirani wote ni ndugu zake, so itakuwa rahisi yeye kuwafikia. Majina tulikuwa nayo tayari, tulichukua wakati wa kuhesabu nyumba."

Hapo Bhoke akakumbuka. Kabla ya mvua kuanza, kijana mmoja mwenye tableti alisimama nje ya ua akamwuliza, "Mzee wa boma anaitwa nani?" Naye Bhoke, mikono ikiwa ndani ya unga, akajibu bila hata kuinua kichwa: Mirumbe. Lilikuwa jibu la kweli. Mtu yeyote wa Kegonga angejibu hivyohivyo.

Mirumbe hakujaliwa mtoto. Mumewe Chacha alipokufa akamwacha na shamba lisilo na mrithi, mama huyo alikwenda mnada wa Ogwedhi akanunua ng'ombe, akaongeza na wake wa zizini, akapeleka kumi na mmoja kwa baba yake Bhoke, akaoa. Bhoke alikuwa na miaka kumi na saba. Watoto ambao Bhoke angezaa, baba zao wawe ni nani, wangekuwa wa nyumba ya Mirumbe na wangerithi ardhi ya Chacha. Wakuria huiita nyumba ntobu, na pale kijijini haihitaji maelezo. Kijana wa tableti hakuwa wa pale. Aliambiwa mzee wa boma, akaandika mwanamume, akaenda zake.

"Kwani kuna shida?" Emmaculate aliuliza.

"Busta ikijengwa, nyumba yetu itavunjwa?"

"Hapana, haivunjwi." Msichana alitandaza ramani. Palikuwa na duara jekundu, na boma la Bhoke lilikuwa ndani yake lote, pamoja na choo. "Lakini ndani ya duara hakuna nyumba mpya itapewa ruhusa. Hii yenu itabaki ilivyo. Msiongeze tu."

Msiongeze tu. Bhoke alilibeba neno hilo njia nzima. Mwanawe Bravin alikuwa na miaka kumi na mmoja. Miaka michache tu na angetakiwa kujenga kibanda chake bomani kama mvulana mwingine yeyote, na baadaye nyumba. Sehemu nyingine ya shamba ilikuwa miamba mitupu, mahindi yamechomekwa katikati. Tambarare ilikuwa ile moja, na ile moja ilikuwa ndani ya duara. Mvulana asiyekuwa na pa kujenga kwao ni mgeni, na Ryoba, aliyekuwa akiimezea mate ardhi ya marehemu ami yake tangu siku ya mazishi, alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

*

Mirumbe alikuwa ameketi mlangoni akipukuchua mahindi. Alikuwa mama mfupi, mkavu, wa miaka sabini na kitu, mwenye mikono isiyojua kukaa bure.

"Mama, vile vigingi umeviona?"

"Nimeviona."

"Hujauliza ni vya nini."

"Shamba ni la Ryoba. Apande vigingi, apande mihogo, mimi inanihusu nini?"

Huyu ni Mirumbe, ambaye mwaka jana tu aligombana na Ryoba siku nne kwa sababu ya mbuzi kukanyaga kunde! Bhoke aliketi kwenye kinu kilichopinduliwa, akasema polepole, "Kuna karatasi kwa chifu. Ina jina lako. Wamekuandika mwanamume. Imewekwa kidole."

Mikono ya Mirumbe ilisimama juu ya gunzi. Ilisimama kidogo tu, halafu ikaendelea.

"Jina langu waliambiwa na nani?"

"Na mimi. Waliuliza mzee wa boma."

"Basi kama jina ni lako kutoa, hata kidole kitafute kwako. Muulize Nyabuto wako."

Nyabuto alikuwa mbadilishaji pesa kule Isebania, baba wa Edith, mtoto mdogo wa Bhoke. Alikuja mara moja kwa mwezi na sabuni na mafuta, na mara mbili sasa alikuwa amemwambia Bhoke kwamba amepanga vyumba viwili karibu na mpaka. Bhoke hakuwa amemjibu. Wala hakuwa amemwambia Mirumbe, lakini ni wazi Mirumbe alijua.

"Nyabuto ameingiaje hapa?"

"Anataka uhamie Isebania. Boma likiharibika, utabaki kufanya nini? Kidole ni kidole tu, hata chake kinatosha."

"Mama, unanidhania mimi hivyo?"

"Wewe umekuja hapa na karatasi, unanitazama vidole," alisema Mirumbe. "Nani ameanza kumdhania mwenzake?"

Ilikuwa kweli, alikuwa anavitazama. Siku mbili zilizofuata alivitazama kila mama yule aliposhika bakuli, aliposonga ugali, alipofunga leso. Mirumbe naye alianza kufunga sanduku lake la nguo na kutembea na ufunguo kifuani, jambo ambalo hakulifanya tangu Bhoke aingie bomani. Watoto walitumwa kupeleka maneno ambayo watu wawili wangeweza kuambiana wenyewe. "Mwambie mamako chumvi imeisha." "Mwambie bibi najua." Edith alidhani ni mchezo, akawa anaongeza maneno yake.

Kilichomtafuna Bhoke zaidi ni kwamba hakuona sababu. Mirumbe alimpenda Bravin kupita kiasi. Kwa nini mtu alipe ng'ombe kumi na mmoja kupata mrithi, kisha amfungie mrithi huyo njia kwa dole gumba? Ama Ryoba alimdanganya, ama alimnunua. Au kuna kitu alikuwa nacho cha kumtishia.

*

Ryoba alikuja mwenyewe Jumatano alasiri, na mkate na sukari kilo moja. Alipiga hodi kwa furaha iliyozidi kiasi.

"Mama mkubwa! Shemeji! Nyinyi hamuonekani siku hizi."

Alikuwa mwanamume mnene wa miaka arobaini na mitano, mwenye koti la suti juu ya gambuti. Mkataba wa mnara ulikuwa wa miaka kumi na mitano, na tayari alitembea kama mtu mwenye mshahara. Aliketi bila kukaribishwa. Mirumbe aliupokea mkate, akauweka mapajani.

"Nasikia shemeji amekuwa akipita maofisini," Ryoba alianza.

"Nimekwenda kuona karatasi yetu."

"Umeiona?"

"Nimeiona. Na kesho nitasema kwamba hakuna mwanamume anayeitwa Mirumbe."

Ryoba alicheka, akajipigapiga goti. "Sema, shemeji! Nani amekukataza? Utasimama mbele ya watu uulizwe, mume wako ni nani? Utamjibu nini yule madam wa Migori? Utamwonyesha mama mkubwa? Na pasta Mogire atakuwa amekaa palepale mbele, ndiye ameombwa kufungua kwa maombi."

Hapo Bhoke alielewa, na alielewa yote kwa mara moja, hata akajiona mjinga kwa kuchelewa.

Miaka mitatu iliyopita Mirumbe alibatizwa katika kanisa la Waadventista pale sokoni. Pasta Mogire, mgeni kutoka Kisii, alimwuliza kuhusu mama kijana anayeishi naye, na Mirumbe, kwa hofu ya kukataliwa maji, akasema ni mkaza mwanawe. Mwanawe yuko wapi? Alikufa. Alikufa wapi? Tanzania, kwenye machimbo ya dhahabu. Jina? Marwa. Tangu hapo Marwa alikuwa akiombewa. Akina mama wa kanisa waliwahi kuja na sukari na khanga kumfariji Bhoke kwa kifo cha mume asiyekuwako, na Bhoke aliinamisha kichwa akaipokea sukari kwa aibu iliyomchoma masikio. Kanisani Bhoke alikaa safu ya wajane. Kijiji kizima kilijua na kilinyamaza. Ilikuwa heshima kwa Mirumbe, na pia ilikuwa burudani yao.

"Isitoshe," Ryoba aliendelea, sasa bila kucheka, "sheria ya serikali haijui mwanamke kuoa mwanamke. Mkisimama mseme hakuna mwanamume kwa hiyo boma, mimi pia nitasimama. Nitasema basi hii ni ardhi ya ami yangu, na mwanamume aliyebaki ni mimi. Mnyamaze, mle mkate. Mimi sitaki mambo mengi."

Alipoondoka, Bhoke alimgeukia Mirumbe. "Ni yeye aliyekutisha? Alikwambia atamwambia pasta?"

"Sijatishwa na mtu."

"Kidole ni chako, mama?"

Mirumbe aliinuka na mkate wake. "Ng'ombe hawajanywa maji," alisema, akatoka.

Bhoke alibaki hapo na hasira yake. Kama mama yule angesema ndiyo, pengine angemhurumia. Kule kukana ndiko kulikomfanya awaze vyumba viwili vya Isebania, na akawaza kwa kirefu: kama kitanda kingeingia, kama kuna shule karibu, kama Nyabuto ni mtu wa kuaminika au ni wa sabuni na mafuta tu.

*

Alhamisi watu walijaa uwanja wa chifu hadi kwenye ua wa bomba la maji. Afisa wa mipango aliitwa Phelesia, mama wa makamo mwenye sauti ya kukwaruza na kalamu mbili nyweleni. Pasta Mogire aliomba, akaombea maendeleo na mawasiliano. Mirumbe aliketi karibu naye kwenye benchi la wazee wa kanisa, kitambaa cheupe kichwani.

"Mimi nina utaratibu wangu," Phelesia alisema. "Karatasi haizungumzi. Nikisoma jina la aliyekubali, mwenyewe anasimama, ananiambia kwa mdomo wake. Ambaye hayuko, nataka kujua yuko wapi."

Emmaculate alionekana kuishiwa nguvu. Ryoba alijikuna shingo.

Majina sita yalikwenda vizuri. Watu walisimama, wakasema wamekubali, mmoja akauliza habari ya saratani, akajibiwa, akakaa. Kisha Phelesia akageuza ukurasa.

"Namba saba. Bwana Mirumbe Chacha."

Mtu fulani nyuma alikohoa, na watu watatu wengine wakakohoa kumsaidia. Akina mama walifunika midomo kwa leso.

"Bwana Mirumbe Chacha hayuko?"

Ryoba alisimama. "Madam, huyo mzee amevuka mpaka, yuko Sirare, ana biashara kidogo huko. Mimi ni mtoto wa ndugu yake, namwakilisha."

"Sikuuliza mwakilishi. Mke wake yuko? Hapa pameandikwa Bhoke."

Bhoke alisimama.

"Niko."

"Bwana yako yuko wapi, mama?"

Watu wote walimgeukia, na pasta pia, akiwa amekunja uso. Kwa jinsi alivyojua yeye, bwana wa Bhoke alikuwa kaburini Tanzania. Bhoke aliona majibu matatu mbele yake. Akisema Sirare, mnara unasimama na Bravin hana pa kujenga. Akimwonyesha Mirumbe, anamvua nguo mama mzee mbele ya kanisa lake. Na lilikuwako la tatu, ambalo alikuwa amelala nalo tangu jana: aseme sina bwana, hilo boma si langu, aende zake. Alimtazama Mirumbe kwenye benchi, akamwona anafungua na kufunga mikono, na moyoni alisema kwa uchungu kabisa, uliniuza, mama, basi jiokoe mwenyewe.

Bado alikuwa hajafungua mdomo Mirumbe aliposimama.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe ni mama wa huyo bwana?"

"Mimi ndiye Mirumbe. Chacha alikuwa mume wangu. Huyu Bhoke nilimwoa mimi, ng'ombe kumi na mmoja, chifu anajua. Hakuna Mirumbe mwingine."

Kicheko kilichokuwa kikisubiriwa hakikuja. Phelesia alimtazama chifu. Chifu aliinua kichwa kutoka kwenye simu yake, akasema, "Ni desturi, madam. Huku iko."

"Najua iko. Hata kwetu nimesikia." Phelesia aliinua karatasi. "Mama, hiki kidole ni chako?"

Bhoke alisogea hatua moja mbele.

"Ni changu," alisema Mirumbe. "Ryoba alinijia na hiyo karatasi. Akaniambia nikikataa, pasta atajua. Mimi nikaweka kidole ili pasta asijue. Sasa pasta amejua, kwa hivyo sina tena deni na Ryoba."

"Mama Mirumbe," pasta Mogire alisema kwa sauti ndogo. "Na Marwa?"

"Marwa hakuzaliwa, pasta. Mlimwombea mtu ambaye hayuko. Hayo maombi kama yanaweza kurudi, mnipe mimi."

Mama mmoja wa kanisa, yuleyule aliyeleta sukari ya matanga, alisogea mbali kidogo kwenye benchi. Mirumbe aliliona lile pengo lililobaki, akaendelea kusimama.

Ryoba alikuwa ameshapandisha sauti. "Madam, umesikia mwenyewe! Hakuna mwanamume kwa hiyo boma! Ndoa gani hiyo? Hata huyo Bhoke muulize vizuri, muulize kama anamjua huyo kama mume! Anakwenda Isebania kila saa. Mwulize!"

"Keti chini." Phelesia aliandika kitu, akafuta, akaandika tena. "Idhini inaweza kuondolewa kabla kibali hakijatolewa. Lakini ni lazima nijue naiondoa kwa mdomo wa nani. Bhoke, huyu mama amesema wewe ni mke wake. Ni kweli?"

Swali lilikuwa jepesi, lakini Bhoke hakulijibu mara moja. Miaka kumi na tatu iliyopita ng'ombe walihesabiwa uani kwa baba yake, wakakaguliwa meno, mmoja akarudishwa kwa kuwa na jicho bovu na mwingine akaletwa. Watu walibishana kutwa nzima. Wote waliulizwa, baba, ami, kaka, hata jirani aliyepita njia. Yeye alikuwa jikoni akiwapikia, na hakuna aliyeingia jikoni kumwuliza. Leo mtu wa mipango ya ardhi, aliyekuja kwa mambo ya mnara, ndiye aliyemwuliza, mbele ya umati, naye akajua kwamba akisema hapana hakuna mtu angeweza kumlazimisha. Alimwona Mirumbe akimtazama, na uso wa mama yule ulikuwa na hofu ambayo hata pasta hakumtia.

"Ni kweli," Bhoke alisema.

Ryoba alitema mate kando.

"Ni mume wangu," Bhoke aliendelea, sasa sauti ikipata nguvu. "Lakini aliweka kidole bila kuniambia, na nilipomwuliza akanificha. Nyumba iliyo karibu na hivyo vigingi nalala mimi na watoto wangu. Kwa hivyo karatasi ya kukataa niandike mimi. Isiandikwe kwa jina lake."

"Hiyo ni ya mwenye nyumba kuamua." Phelesia alimgeukia Mirumbe. "Mama, unasemaje?"

Ng'ombe walikuwa wa Mirumbe, ardhi ilikuwa ya mume wake, na mbele ya watu wote ndiyo kwanza amejitangaza kuwa mwenye boma.

"Aandike yeye," alisema.

Bhoke alikwenda mezani. Emmaculate alimpa fomu mpya na kalamu, na bila kuulizwa akamwonyesha mahali. Mwenye nyumba: Bhoke Mwita. Idhini: nakataa. Aliandika polepole, kwa herufi za shule, akaweka sahihi ambayo hakuwahi kuitumia kokote tangu mtihani wa darasa la nane. Phelesia aliweka muhuri juu yake, akatangaza kwamba mnara hautasimama pale vilipo vigingi, na kama shamba la Ryoba halina mahali pengine panapotimiza umbali, kampuni itafute shamba lingine. Kila mtu alijua halina. Shamba la Ryoba lilikuwa jembamba, limebanwa na boma lao upande mmoja na mto upande wa pili.

*

Walirudi kwa njia ya mtoni. Mirumbe alitangulia, kitambaa cheupe kiko mkononi, si kichwani. Hakuna mtu wa kanisa aliyewasindikiza. Ryoba alikuwa amewapita kwa pikipiki bila salamu, na Bhoke alijua vita vyake havijaisha, vimebadilisha mlango tu.

"Jumamosi nitakwenda," alisema Mirumbe bila kugeuka. "Wakinifukuza watanifukuzia mlangoni. Wewe usije safu ya wajane."

"Sitakuja."

Walivuka kijito. Mirumbe alisimama upande wa pili, akamngoja avae viatu.

"Ulipoulizwa na yule mama, ulikawia."

"Nilikawia."

"Ulikuwa unataka kusema hapana."

Bhoke angeweza kumdanganya. Tangu Jumatatu walikuwa wamedanganyana kwa bidii, na uongo mmoja zaidi usingeongeza uzito. Lakini alikuwa amechoka nao.

"Ndiyo, mama. Nilitaka."

Mirumbe alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyetajiwa bei aliyoijua tangu awali. "Na kesho mwingine akikuuliza?"

"Aniulize kesho."

Mama mzee alichukua njia ya kupanda kuelekea bomani, Bhoke akamfuata nyuma, na kila baada ya hatua chache Mirumbe aligeuka kutazama kama bado anakuja.